Ukuta wa zege usio na plasta wala rangi: Wajapani wanaujengaje, na kwanini

Picha za nyumba za Japani zinazosambaa mtandaoni huwa zina kitu kimoja kinachowachanganya wengi. Unaona nyumba ya maana kabisa, au jumba la makumbusho, au kanisa, halafu ukuta wake ni zege tupu la kijivu, una vitobo vya duara vimepangwa kwa mistari iliyonyooka, hauna plasta hauna rangi hauna vigae, na lazima atokee mtu wa kuuliza hivi hawa hela iliwaishia njiani au ndio mambo ya matajiri tu. Swali ni halali kabisa maana kwetu ukuta usiopigwa plasta unasema wazi kwamba ujenzi bado unaendelea, au umesimama. Kule ukuta ule umeshaisha, na mara nyingi umekula hela na muda kuliko ambavyo ungekula ukipigwa plasta na rangi juu yake. Hapa naeleza kwanini iko hivyo, na mada yenyewe imefungamana na vitu vingi, kuna ufundi wa kumwaga, kuna historia ya moto na matetemeko, kuna maseremala, halafu kuna suala la kuishi humo ndani kipindi cha baridi ambalo wapiga picha huwa hawaligusi.

Tuanze na ukuta wenyewe. Kazi kubwa ya plasta, ukiacha urembo, ni kuficha. Fundi akivua mbao akakuta ukuta umetoka na matundu, au umetanuka kidogo tumboni, au kuna mstari pale walipoishia jana wakaendelea leo, hana wasiwasi, plasta itakuja isawazishe. Ukishasema plasta haipo basi hakuna pa kuficha, na zege lenyewe halina huruma. Likiwa bichi halina sura, likiganda linabaki na sura ya kile kilicholishika, kama barafu ya kikombe ambayo kikombe kikiwa na mkwaruzo na yenyewe inatoka na mkwaruzo. Kwahiyo ule ulaini unaouona kwenye ukuta wa Kijapani haukupigwa msasa baadaye, ni ulaini wa plaiwudi iliyokuwa inagusa zege. Ukiangalia ukuta ule kiukweli unaangalia kazi ya seremala, ila seremala mwenyewe na mbao zake wameshaondoka. Hilo ndilo jambo ambalo ukilishika mengine yote yanaeleweka: kazi ya finishing inafanyika kabla zege halijafika saiti.

Plaiwudi inayotumika sana kule ina upana wa milimita 900, urefu 1800 na unene wa milimita 12, na kwa ukuta wa kuachwa wazi wanachukua ile iliyopakwa koti gumu linalong'aa kwa juu ili isinyonye maji ya zege na isiache nyuzi za mbao. Vipimo hivyo vya 900 kwa 1800 viko karibu sana na mkeka wa tatami, ule unaotandikwa sakafuni kwenye nyumba za jadi za Japani, kwahiyo mtu aliyekulia kule anapoona ukuta umegawanyika kwa mistari ya mapana yale jicho lake limeshazoea kipimo hicho tangu utotoni. Na mistari ile haiangukii popote tu. Msanifu anachora kila kipande cha plaiwudi kwenye karatasi, kiungio kitakaa wapi, kitobo kitakaa wapi, dirisha lianzie kwenye kiungio gani, hadi swichi ya taa ikae katikati ya kipande gani. Urefu wa chumba unaweza kubadilishwa kwa sentimita kadhaa ili vipande viishie vizima, visikatwe kipande cha ajabu ajabu kule juu karibu na dari.

Sasa vile vitobo. Watu wengi wanadhani ni pambo, na kuna hadi wanaouza vibao vya ukutani vilivyochongwa vitobo vya bandia. Asili yake ni hii. Zege bichi ni zito, mita moja ya ujazo ina kama tani 2.3 hivi, na likiwa bado maji maji linasukuma pembeni, yaani ukimwaga ukuta wa kimo cha mita 3 kwa mkupuo mmoja pale chini fomu, yaani zile mbao zinazolishika zege hadi ligande, inasukumwa kwa nguvu inayokaribia tani 7 kwa kila mita ya mraba. Bila kitu cha kuzishika, mbao za upande huu na za upande ule zitaachana na zege lote litamwagika chini. Kwahiyo zinafungwa pamoja kwa vyuma vyembamba vinavyopita katikati ya ukuta, na kwenye kila ncha ya chuma kuna koni ndogo ya plastiki iliyobanwa kwenye plaiwudi, hiyo koni ndiyo inayohakikisha unene wa ukuta unabaki ule ule. Zege likishaganda plaiwudi inavuliwa, koni zinafunguliwa, chuma kinabaki ndani na pale ilipokuwa koni panabaki kitobo cha kama sentimita 3. Kitobo hakiachwi wazi moja kwa moja, kinazibwa kwa mota, ule mchanganyiko wa saruji na mchanga, lakini mota inarudishwa ndani milimita chache ili kivuli cha duara kibaki, na kuziba huko ni lazima maana ncha ya chuma ikiachwa inaona hewa na mvua itaota kutu.

Kabla ya kumwaga kuna kitu kingine kinachowatesa sana mafundi umeme. Ukuta ukiwa wazi pande zote hauwezi kuja baadaye kuchimba mfereji upitishe bomba la waya halafu ufukie. Kila bomba, kila boksi la swichi, kila soketi, inakaa ndani ya fomu, imefungwa kwenye nondo, imepimwa, kabla zege halijamwagwa. Mwenye nyumba akija kusema angependa soketi iwe pale kushoto kidogo, imekula kwake. Ndani ya ukuta wa sentimita 18 au 20 kuna tabaka mbili za nondo, mabomba ya umeme, vile vyuma vya kufunga fomu, na bado kokoto zinatakiwa zipite katikati ya vyote hivyo zifike chini bila kukwama.

Siku ya kumwaga ndio siku ya roho juu. Zege likiwa na maji mengi linapita kirahisi lakini likikauka linasinyaa na kupasuka, na rangi yake inatoka mabaka mabaka, likiwa kavu sana linakwama kwenye nondo na kuacha matundu yenye kokoto tupu. Kwa majengo ya kawaida kule wanaagiza zege lenye slampu, yaani kipimo cha ulaini wa zege bichi, ya kama sentimita 18, wanaotaka ukuta wa wazi wanashusha hadi kwenye 15 hivi, na hapo kazi ya kulishindilia inakuwa ngumu zaidi. Gari la zege lina muda wake pia, kama joto la hewa limefika nyuzi 25 au zaidi basi tangu linakorogwa hadi linamaliza kumwagwa zisipite dakika 90, chini ya hapo dakika 120. Gari likikwama kwenye foleni ya mjini zege la kwanza linaanza kushika, la pili likija juu yake halishikani vizuri na unabaki na mstari mweusi umekatiza ukuta mzima, mstari ambao hauondoki. Ndio maana siku hiyo unakuta watu wengi kuliko kawaida, kuna wenye vaibreta juu, mashine za kulitikisa zege lishuke vizuri, zamani walikuwa wanachokoa kwa mianzi mirefu, na kuna wengine chini wanagonga fomu kwa nyundo za mbao kwa nje ili viputo vya hewa vipande juu, na wanasikiliza mlio, maana plaiwudi yenye zege nyuma yake inalia tofauti na yenye uwazi.

Hata vitu vidogo sana vinaharibu. Vile vipande vya binding wire ambavyo mfunga nondo anavikata vinadondoka chini, kwa slabu ya kawaida nani anajali, lakini kama dari litaachwa wazi basi kila kipande kilichobaki kwenye fomu kitaota kutu na kutoa doa jekundu kwenye dari, kwahiyo kabla ya kumwaga wanapita na sumaku wanaviokota kimoja kimoja. Kuna saiti wanakataza kuingia na viatu vya tope juu ya fomu ya dari, maana unyayo nao unanakiliwa.

Na bado, pamoja na uangalifu wote huo, ukuta unaweza kutoka na kasoro. Kuna mafundi kule ambao kazi yao ni kurekebisha zege lililoachwa wazi, wanaziba matundu, halafu kwa sponji na brashi na rangi za kijivu za aina nyingi wanarudisha mwonekano wa zege, hadi mistari ya viungio na vivuli wanavichora upya. Wakimaliza hujui wapi ni zege lenyewe na wapi ni mkono wa mtu. Sioni kama ni udanganyifu, ila ni vizuri ujue, maana kuna watu wanalisifia zege hili kwa ukweli wake kwamba halifichi chochote, na sehemu ya ukweli huo imepakwa kwa brashi.

Tuje kwenye historia. Wengi wakisikia zege la Japani wanamtaja msanifu Tadao Ando, na wanadhani yeye ndiye aliyeanzisha. Stori inaanza zamani kidogo, na inaanza na moto. Tarehe 1 Septemba 1923, dakika chache kabla ya saa sita mchana, tetemeko kubwa lilipiga Tokyo na Yokohama. Ilikuwa muda wa kupika chakula cha mchana, majiko yalikuwa yanawaka, nyumba karibu zote ni za mbao zimesongamana, na moto ukamaliza kile ambacho tetemeko lilibakiza. Walikufa watu zaidi ya laki moja. Baada ya hapo zege lenye nondo likaanza kutazamwa kwa jicho jingine kabisa, kwamba haliungui na likijengwa vizuri linastahimili kutikiswa. Mwaka uliofuata, 1924, Antonin Raymond, msanifu mzaliwa wa nchi ya Wacheki aliyekuwa amefika Japani mwaka 1919 akimfanyia kazi msanifu wa Marekani Frank Lloyd Wright kwenye hoteli ya Imperial, alijijengea nyumba yake mwenyewe mtaa wa Reinanzaka pale Tokyo kwa zege lililoachwa wazi. Ni kati ya nyumba za mwanzo kabisa duniani za namna hiyo, na ilikuwa Tokyo.

Kisha vita. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945 ndege za Marekani zilimwaga mabomu ya moto Tokyo, na mji wa mbao ukaungua tena, na kwa usiku ule mmoja idadi ya waliokufa inakadiriwa nayo kufika kama laki moja. Ukishajua matukio hayo mawili ndani ya kizazi kimoja utaelewa kwanini miaka ya 1950 kila mji uliokuwa unajijenga upya ulitaka manispaa ya zege, maktaba ya zege, ukumbi wa zege. Hela ya marumaru haikuwepo, chuma kilikuwa adimu, saruji ilikuwepo na maseremala walikuwepo wengi tena wazuri sana, watu waliorithi kazi ya kujenga mahekalu na nyumba za mbao ambapo kiungo kinakatwa kikaingia bila msumari. Watu wa ujuzi kama huo ukiwapa kazi ya kutengeneza fomu, wanatengeneza fomu ambayo sehemu nyingine ungeiita fanicha.

Mawazo mengine yalitoka Ufaransa. Msanifu wa Kijapani Kunio Maekawa alifanya kazi jijini Paris ofisini kwa Le Corbusier, msanifu maarufu wa kule, kuanzia 1928 hadi 1930, mwenzake Junzo Sakakura naye alipita pale, na Le Corbusier alipomaliza jengo lake kubwa la makazi Marseille mwaka 1952, zege likiwa limeachwa na ukali wake wote, Wajapani walikuwa tayari kulisoma. Ukifika bustani ya Ueno Tokyo unaweza kuona mwalimu na mwanafunzi wakitazamana, makumbusho ya sanaa za Magharibi ya Le Corbusier ya mwaka 1959, ambayo tangu 2016 ni urithi wa dunia wa UNESCO, na mkabala wake ukumbi wa muziki wa Maekawa wa mwaka 1961. Ndani ya makumbusho yale zile nguzo za duara zina alama za nyuzi za msonobari, kila ubao ulioifunga nguzo umeacha chapa yake, na zimetoka safi kiasi kwamba unatamani kuzishika.

Lakini kwa mimi jengo linaloeleza kipindi hicho kuliko yote ni ofisi za mkoa wa Kagawa zilizopo Takamatsu, kazi ya msanifu Kenzo Tange ya mwaka 1958, huyu huyu aliyechora makumbusho ya amani ya Hiroshima yaliyokamilika 1955. Tange alichukua zege akalifanya liongee kwa lafudhi ya mbao. Kila ghorofa ina veranda inayozunguka, na chini ya veranda kuna vichwa vya boriti nyembamba vimechomoza kimoja baada ya kingine kwa mpangilio ule ule wa boriti za hekalu, ila ni zege. Ukilitazama kwa mbali unaona jengo la mbao la ghorofa nyingi, ukisogea unaona kijivu na chapa za mbao. Kimahesabu boriti nyingi nyembamba vile hazikuwa njia rahisi, na kila moja ilihitaji boksi lake la mbao. Mkoa umelitunza, mwaka 2019 walimaliza kuliwekea vifaa vya kupunguza mtikisiko kule chini kwenye msingi, na mwaka 2022 likatangazwa kuwa mali muhimu ya kiutamaduni ya taifa. Mji huo huo una jumba la michezo la Tange la mwaka 1964, lenye umbo kama la mashua, hilo limefungwa tangu 2014 na mkoa ukaamua libomolewe, na inaniuma kwa sababu kazi ya mikono iliyomo mle hairudiwi kwa gharama yoyote ya leo.

Angalia kwamba hadi hapo zege la wazi mara nyingi lilikuwa la majengo ya umma, na lilikuwa na chapa za mbao, kwaruzo, nguvu. Lile zege laini la kung'aa kidogo ambalo wengi wetu ndilo tunalolijua lilikuja miaka ya 1970, plaiwudi ilipochukua nafasi ya mbao za mistari, na lilikuja kwa mlango wa nyumba ndogo za watu wa kawaida mjini. Mwaka 1966 msanifu Takamitsu Azuma alijijengea nyumba Tokyo kwenye kiwanja cha kama mita za mraba 20, ndiyo, 20, akapandisha chumba juu ya chumba kwa zege tupu ndani na nje, na ndani hakuweka milango, ngazi ndiyo inayotenganisha vyumba. Mwaka 1976 Ando, mtu wa Osaka aliyekuwa bondia na ambaye hakusomea usanifu chuo chochote, akajenga nyumba ya Sumiyoshi, na hapo ndipo mjadala ukawaka kweli.

Nyumba hii ilichukua nafasi ya nyumba ya katikati kwenye safu ya nyumba za mbao zilizogusana kuta. Upana wake ni kama mita 3.3 na urefu kama mita 14. Mbele ni ukuta wa zege usio na dirisha hata moja, una uwazi wa mlango tu. Ukiingia, nyumba imegawanywa mafungu matatu yaliyo sawa na lile la katikati ni ua usio na paa. Yaani sebule iko mbele, jiko na choo viko nyuma, na katikati mvua inanyesha. Usiku wa Januari ukitaka kwenda chooni unashika mwavuli. Mwaka 1979 ikapewa tuzo ya taasisi ya usanifu majengo ya Japani, na watu wanabishana kuhusu ule ua hadi leo.

Lakini ebu fikiria kiwanja chenyewe. Kulia jirani, kushoto jirani, mbele barabara nyembamba, nyuma jirani. Dirisha ungelifungulia wapi, na ungeona nini? Ando akafunga pande zote kwa zege na kufungua juu, akampa mwenye nyumba kipande cha anga ambacho hakuna jirani atakayekiziba. Na zege lenyewe linafanya kazi tatu kwa wakati mmoja hapo, linabeba nyumba, linazuia moto wa jirani, na linastahimili tetemeko, kwa sababu kule nyumba fupi za zege, zisizozidi ghorofa tano, zinaruhusiwa kujengwa kwa kuta zinazobeba kila kitu bila nguzo wala boriti kuchomoza. Ndio maana vyumba vya Ando vinaonekana visafi hivyo, hakuna nguzo kwenye kona, ukuta ndio mifupa na ndio ngozi.

Na ngozi hiyo ikiwa laini inashika mwanga. Mfano mzuri ni kanisa la Mwanga pale Ibaraki, mji ulio mkoa wa Osaka, la mwaka 1989. Ni kanisa dogo la waumini waliokuwa na bajeti ndogo, sakafu na mabenchi yametengenezwa kwa mbao za jukwaa zile za mafundi kusimamia. Ukuta wa nyuma ya madhabahu umekatwa mpasuo wa msalaba kutoka ukingo hadi ukingo, na jua linaingia kwa umbo la msalaba ndani ya chumba cheusi. Ando alitaka mpasuo ule usiwe na kioo, upepo uingie, waumini wakasema watakufa na baridi, kioo kikawekwa. Sasa jaribu kufikiria msalaba ule kwenye ukuta uliopigwa plasta na rangi nyeupe, mwanga ungesambaa chumba kizima na giza lisingekuwepo. Zege la kijivu linaacha mwanga ukae pale ulipoangukia, unatambaa ukutani, unaonyesha kila wimbi dogo la plaiwudi. Sijaona nyenzo nyingine ya bei hiyo inayoweza kufanya hivyo.

Mafanikio ya Ando, ambaye alipata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani, mwaka 1995, yalifanya dunia idhani zege la Kijapani lazima liwe na vitobo sita kwa kila kipande. Siyo lazima. Kwenye kisiwa cha Teshima kuna jumba la sanaa la msanifu Ryue Nishizawa la mwaka 2010, ganda moja la zege la kama mita 40 kwa 60, unene sentimita 25, halina nguzo hata moja ndani. Halina kiungio cha plaiwudi hata kimoja kwa sababu fomu yake ilikuwa kichuguu cha udongo, walirundika udongo wakausawazisha, wakapanga nondo juu yake, wakamwaga zege, na lilipokomaa wakachimba udongo wote wakautoa nje. Falsafa ni ile ile, kazi yote kubwa imefanyika kwenye kitu ambacho hutakiona.

Haya, sasa kuishi humo. Hapa wasifiaji wengi wananyamaza na mimi sitaki kunyamaza, maana wapo watu wanaonakili picha bila kujua gharama. Zege linapitisha joto zaidi ya mara 10 kuliko mbao. Ukuta ukiwa wazi ndani na nje maana yake hakuna pa kuweka kizuia joto, kwahiyo Januari ukuta wa chumbani unakuwa na baridi ya nje, hewa ya chumba yenye mvuke wa kupikia na pumzi za watu inagusa ukuta huo na maji yanatiririka, nyuma ya kabati panaota ukungu. Kiangazi ni kinyume chake, zege linakunywa jua mchana kutwa na usiku linalitema kwa wanaolala. Na nyumba mpya bado ina maji ndani ya zege lenyewe, inachukua muda mrefu kukauka, mwaka wa kwanza au wa pili ndio huwa mbaya zaidi.

Upande wa uimara pia kuna jambo la kuelewa. Nondo ndani ya zege haioti kutu kwa sababu zege ni kali kikemikali, ni alikali. Hewa ya ukaa inaingia taratibu kutoka nje, inapunguza ule ukali, na siku ikifika kwenye nondo ulinzi unaisha, nondo inaota kutu, kutu inavimba na zege linabanduka vipande. Plasta, rangi na vigae huwa vinachelewesha safari hiyo, ukuta wa wazi hauna hivyo. Sheria ya ujenzi ya Japani inataka nondo za ukuta unaobeba zifunikwe na zege la angalau sentimita 3, na kwa ukuta wa wazi wasanifu makini wanaongeza sentimita 1 au 2 zaidi. Halafu juu wanapaka dawa isiyo na rangi ya kuzuia maji, ambayo inarudiwa kila baada ya miaka 10 hivi kutegemea aina, na kila kurudia ni kufunga jukwaa nyumba nzima. Mwenye nyumba akiacha, kuta zinaanza kushuka michirizi myeusi chini ya madirisha, na kuvu inaota upande usio na jua. Hali ya hewa ya Japani ya mvua nyingi inaharakisha haya. Majengo ya kabla ya 1986 yana hatari ya ziada, maana ni mwaka huo kikomo cha chumvi kwenye zege kilipowekwa, kilo 0.30 kwa mita ya ujazo, na kabla yake kuna sehemu za magharibi ya nchi walitumia mchanga wa baharini usiooshwa vizuri.

Na tangu Aprili 2025 kuna sheria mpya, karibu kila jengo jipya Japani, nyumba za kawaida zikiwemo, lazima litimize viwango vya matumizi ya nishati. Hapo zege la wazi pande zote mbili limebanwa kweli kweli. Msanifu anachagua. Akitaka uso wa zege ubaki barabarani, anaweka kizuia joto na bodi kwa ndani, mwenye nyumba anaishi kwenye chumba cheupe kama cha jirani. Akitaka zege libaki ndani, analivalisha koti kwa nje na anafunika kwa mabati au mbao, na hii kwa wanaoishi humo ndiyo bora, maana ukuta mzito ukiwa ndani ya koti unatunza joto la chumba usiku kucha badala ya kulipoteza, ila mpita njia hataona zege lolote. Wanaokataa kuchagua wanajenga kuta mbili za zege zenye kizuia joto katikati, fomu mara mbili, nondo mara mbili, kiwanja cha mjini kinaliwa sentimita nyingine 20 na zaidi kila upande, na vile vyuma vya kufunga fomu navyo inabidi vibadilishwe viwe vya nyenzo isiyopitisha baridi, la sivyo kila kitobo kwenye ukuta ule kitakuwa njia ya baridi kuingia ndani.